Zamu ya Mzee

Mlio wa kwanza ulitoka wakati fundi ana pini tatu mdomoni na futi imezunguka kiuno cha mteja. Ulianza chini kama malalamiko ya mtu aliye usingizini, ukapanda, ukavutika, ukafika juu na kukwama huko, kisha ukashuka na kuanza upya. Mteja, mwalimu wa hesabu aliyekuja kupima gauni la mahafali, aliganda na mikono yake juu.

"Nani anajifungua huko nyuma?" aliuliza.

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja. "Redio hiyo."

"Redio gani inalia hivyo?"

"Mchezo wa kuigiza. Kuna mwanamke ameachwa na mumewe."

"Basi ameachwa vibaya."

"Pumua kawaida, mwalimu, nisije nikakukatia gauni la pumzi."

Mlio ukarudi, safari hii mkubwa zaidi. Fundi hakubabaika. Aliketi kwenye cherehani yake ya miguu, akakanyaga kwa nguvu zake zote, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka bila uzi wala kitambaa, chumba kikajaa kelele za kazi. Mwalimu alimtazama akishona hewa. Alikuwa mwanamke mwenye adabu zake. Alivaa viatu, akasema atarudi kesho kumalizia vipimo vya mikono. Kesho yenyewe hakurudi.

Aliyekuwa akilia ni Pindo, paka jike, kijivu mwenye milia, aliyefungiwa bafuni tangu asubuhi. Alikuwa amepata joto kwa mara ya kwanza maishani mwake na alitaka mtaa mzima ujue kwamba anatafuta dume. Hilo peke yake lisingekuwa balaa. Balaa ni kwamba, kwa makubaliano ya nyumba ile, Pindo hakuwepo duniani.

Mwenye nyumba, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, alikuwa mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ya nyuma, upande wa pili wa ua. Alimpangisha fundi vyumba vya mbele kwa masharti mengi na ruhusa moja tu. Panya walipotafuna suti ya bwana harusi mmoja, fundi aliomba afuge paka, na Bi Mkubwa akainua kidole. "Mmoja," alisema. "Na awe dume. Jike atanijazia nyumba." Fundi akaitikia, akaenda kuleta paka ambaye aliyemtoa aliapa kuwa ni dume. Dume hilo likazaa watoto watatu ndani ya kapu la vipande vya nguo, likawalea, kisha likagongwa na gari, na kuwaacha wanawe wamefanana naye kama waliokatwa kwenye jora moja: Pindo, na kaka zake wawili, Zipu na Kifungo.

Mtu mwingine angegawa paka wawili akabaki na mmoja. Fundi alishona mkanda. Ulikuwa mkanda mwekundu wa shingoni wenye kengele ndogo, nao ulikuwa mmoja tu. Paka aliyeuvaa alitoka nje. Wengine walibaki ndani wakisubiri zamu yao. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi naye na mumewe, ndiye aliyesimamia zamu, na alizisimamia kwa ukali. Asubuhi alitoka Pindo, kwa kuwa aliamka mapema. Mchana alitoka Zipu, jioni Kifungo. Bi Mkubwa, kila alipotazama uani, aliona paka mmoja kijivu, mkia juu, kengele inalia. Alimpa jina mwenyewe. Alimwita Mzee.

Mpango ule ulikwenda vizuri kiasi kwamba hata mume wa fundi, aliyekuwa kinyozi, alipokutana na mkanda mwekundu uani alisema tu, "Mzee, hujambo," akapita zake bila kujua amemsalimu nani.

Na ni lazima isemwe jinsi chumba kile cha mbele kilivyokuwa. Mlango wake ulifunguka barabarani moja kwa moja, na dirisha lilitosha kuning'iniza magauni mawili yaliyokwisha ili wapita njia wayaone. Fundi alishashona kwenye vichochoro, kwenye korido ya nyumba ya watu, hata chini ya ngazi. Wateja wake walimpata pale dirishani. Kama angefukuzwa pale, angeanza upya chini ya ngazi.

* * *

Kinyozi aliporudi mchana kula na kuoga, alikuta mkutano umeshaanza.

"Sogea nikaoge," alimwambia mama yake, aliyekuwa ameweka kigoda mbele ya mlango wa bafu kama mlinzi wa benki.

"Kaoge, lakini ingia kwa ubavu. Na usimwonee haya, yeye hana habari na wewe."

Kinyozi aliingia kwa ubavu. Alitoka akiwa ameoga nusu. "Anagaagaa sakafuni, anapandisha kiuno, ananitazama kama mimi ndiye niliyemfungia. Mtu ataogaje?"

"Anataka mume," mama yake alisema. "Mfungulieni mlango aende zake."

"Akienda atarudi na wanne tumboni, mama," fundi alijibu. "Hawa watatu tu tunawaficha kwa jasho."

"Na hawa kaka zake?"

Wote watatu wakageuka. Zipu alikuwa amelala chali kwenye mlango wa bafu, mkono wake umeingia chini ya mlango hadi bega. Kifungo alikuwa amesimama kando ya meza ya kukatia, ameipa mgongo, mkia unamtetemeka, na kabla mtu hajasema neno alirusha mkojo kwenye mguu wa meza. Harufu ilipanda papo hapo, kali, ya kuchoma pua. Fundi aliruka akakusanya vitambaa vya watu vyote mezani, akavibeba kifuani na kuvitundika kwenye misumari juu kabisa ya ukuta.

"Ni ndugu zake wa tumbo moja!" kinyozi alisema kwa hasira.

"Waeleze wewe," mama yake alisema. "Mimi wameshanikatalia."

Fundi alipiga moyo konde. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yenye mpangilio, na tatizo lolote akilitazama sana aliliona kama kitambaa: kuna pa kukata na pa kuunganisha. Akatangaza sheria. Pindo atakaa bafuni. Zipu atakaa chumba cha kulala. Kifungo atavaa mkanda na kutoka nje tangu asubuhi hadi jioni, zamu zote tatu, mpaka mambo yapoe. Hakuna kufungua milango miwili kwa wakati mmoja. Anayeingia bafuni agonge kwanza, na kabla hajafungua, mwingine aseme Zipu yuko wapi.

"Hii si nyumba tena," kinyozi alisema. "Ni gereza, na wafungwa ni sisi."

"Wewe ni askari. Shika huo mlango."

"Na litaisha lini?"

"Joto si ugonjwa, mume wangu, lina mwisho wake. Nimeshona magauni ya mabibi harusi waliobadilika viuno kila wakija kujaribisha. Nishindwe na paka?"

* * *

Siku zilizofuata fundi alikanyaga cherehani kuliko wakati wowote maishani mwake, na kazi ikawa haiendi. Pindo akilia, yeye anakanyaga. Pindo akinyamaza, yeye anachukua kitambaa, anatia uzi, anashona mshono mmoja, Pindo analia tena. Ukutani, upande wa barabara, madume ya mtaa yalikuwa yamejipanga. Moja la rangi ya njano, lililokatika sikio, halikuondoka hata kwa maji. Mama mkwe alilimwagia ndoo nzima. Likajilamba, likarudi kukaa palepale.

"Fundi, siku hizi una kazi!" Bi Mkubwa alisema akipita dirishani, akisikia gurudumu linavyovuma.

"Namshukuru Mungu, mama," fundi alijibu, mguu unapiga, sindano inashona hewa.

Aibu haikuishia hapo. Saluni, mteja aliyekuwa ananyolewa ndevu alimuuliza kinyozi kwa sauti ya huruma kama mama yake bado anateseka. Kinyozi alisimamisha wembe. "Anateseka na nini?"

"Tunamsikia jamani. Sisi majirani tunaelewa. Uzee ni kazi."

Kinyozi alifanya kosa la kwenda kulisimulia hilo nyumbani. Mama yake hakula chakula cha jioni.

"Mimi? Nilie vile mimi?" alirudia kila baada ya muda. "Nilizaa watoto sita bila kutoa sauti. Kesho nitasimama mlangoni nikohoe, wasikie sauti yangu ilivyo."

Na kweli asubuhi alisimama mlangoni akawasalimia wapita njia mmoja mmoja, kwa sauti kubwa ya mtu mwenye afya, na nyuma yake Pindo akamwitikia kwa kilio kirefu. Wapita njia walimpa pole.

* * *

Bi Mkubwa alikuja mwenyewe. Hakupita dirishani, aliingia kwa mlango wa uani, akiwa na kisahani mkononi ambacho maziwa yake hayakuguswa.

"Fundi, Mzee anaumwa," alisema.

Fundi aliinuka. Mama mkwe, kwenye kigoda chake mbele ya bafu, aliketi wima zaidi.

"Anaumwa vipi, mama?"

"Hanijui." Bi Mkubwa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayejulikana kwa kumhamisha mpangaji kwa sababu ya kuku watatu, lakini siku ile sauti yake ilikuwa na kitu kingine. "Kila asubuhi Mzee anakuja, anapanda hapa magotini, nanywa chai yangu tunazungumza. Ananing'ata kidole gumba, hivi, pole pole, kama anayenikumbusha jambo. Ndivyo alivyo asubuhi. Sasa wiki hii anakaa mbali. Namwita, ananitazama kama mgeni. Jioni ndiyo anajirudi kidogo. Halafu nikilala namsikia huku kwenu, analia. Mnampa nini huyu mnyama?"

"Tumbo," kinyozi alisema kutoka mlangoni. Hakuna aliyemtuma.

"Tumbo?"

"Tumbo, mama. Linamsokota."

"Na mmekaa tu? Mnasubiri afe?" Aliweka kisahani juu ya meza ya kukatia, maziwa yakamwagika kidogo. "Nitamwita daktari wa mifugo, yule aliyekuwa akitibu ng'ombe wa marehemu. Kesho nakuja naye hapa."

Alipokwisha kuvuka ua, fundi alimgeukia mumewe. "Tumbo limetoka wapi?"

"Lilikuja lenyewe mdomoni."

"Msigombane," mama mkwe alisema. "Ni rahisi. Daktari tunampa Kifungo. Atamkuta mzima, ataondoka. Wewe mkwe wangu utakanyaga, mimi nitakohoa."

Fundi alifikiri kidogo, akakubali. Huo ndio ulikuwa udhaifu wake: mpango ukiwa na mishono iliyonyooka, hakuwahi kujiuliza nguo yenyewe ni ya nani.

* * *

Daktari alikuwa mtu mpana mwenye viatu vya mpira na mkoba mkubwa ambao kamba yake ilikuwa inaning'inia. Alitazama chumba kile kidogo, magauni yaliyotundikwa juu ukutani kama waliokimbia mafuriko, kisha akamtazama Kifungo mikononi mwa kinyozi.

"Huyu ndiye mgonjwa?"

"Ndiye," Bi Mkubwa alisema. "Mzee. Tumbo, na analia."

Fundi alishaanza kukanyaga. "Samahani daktari, nina kazi ya haraka."

"Endelea tu, mama."

Daktari alimweka Kifungo mezani, akamminya tumbo, akamfungua mdomo, akamwinua mkia. Kifungo alivumilia yote hayo kwa dharau. Kengele yake ililia mara moja. Daktari alisikiliza kifua chake, kisha akainua mkono kumwomba fundi asimamishe cherehani, kwa kuwa hasikii moyo.

Fundi hakuwa na la kufanya. Gurudumu likapunguza mwendo, likasimama.

Katika ukimya ule Pindo alilia. Alilia kama hajawahi kulia, kwa kituo na kwa madaha, juu kabisa kisha chini, na mama mkwe akakohoa kwa nguvu, lakini alichelewa. Daktari alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama Kifungo aliyefunga mdomo wake mezani, akatazama mlango wa bafu, akamtazama bibi aliyekuwa akikohoa kwenye kigoda.

"Huyu wenu ni mzima," alisema. "Ni dume, na halii. Anayelia ni jike, ana joto, na yuko humo ndani."

Kinyozi alifungua kinywa. Fundi akamwahi. "Nyamaza, mume wangu," alisema.

"Fungua mlango," Bi Mkubwa alisema.

Fundi aliinuka. Alimwomba mama mkwe asogeze kigoda, akahakikisha daktari amemshika Kifungo barabara, akafungua mlango yeye mwenyewe. Pindo alitoka akitambaa, tumbo chini, mkia pembeni. Kifungo aliruka mikononi mwa daktari kama samaki, na daktari, aliyezoea kushika fahali kwa pembe, alichanwa mkono mzima lakini hakuachia. Pindo hakumtazama kaka yake. Alivuka chumba moja kwa moja hadi miguuni kwa Bi Mkubwa, akajisugua, akapanda juu ya kiti kilichokuwa karibu naye, akaunyakua mkono uliokuwa ukining'inia na kuking'ata kidole gumba, pole pole.

"Mzee?" Bi Mkubwa alisema.

Hapo Zipu, aliyesikia kila kitu, akaanza kujirusha kwenye mlango wa chumba cha kulala.

"Na yule ni nani?"

"Ndugu yao," fundi alisema.

"Wako wangapi?"

"Watatu, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Bi Mkubwa aliutazama mkanda mwekundu shingoni mwa Kifungo. Kila mtu alitegemea apige kelele. Hakupiga.

"Kwa hiyo mimi namwita Mzee jike," alisema. "Namweleza mambo yangu. Mambo ambayo sijamweleza dada yangu wa kuzaliwa. Kumbe asubuhi namweleza huyu, jioni namweleza yule. Na nyie mko dirishani mnabadilishana zamu, mnacheka."

"Hatukuwa..." kinyozi alianza.

"Mlicheka?" Alikuwa anamuuliza fundi.

Fundi angeweza kukataa. Lakini alikumbuka siku moja Bi Mkubwa alipomwambia Zipu kwamba ni yeye peke yake anayemwelewa, na wao watatu, nyuma ya pazia, walivyoziba midomo kwa viganja.

"Tulicheka, mama," alisema.

"Mtatafuta pengine," Bi Mkubwa alisema. "Mwezi huu ukiisha nataka vyumba vyangu." Akauondoa mkono wake taratibu mdomoni mwa Pindo, akavuka ua bila kugeuka.

Daktari alikuwa bado amemkumbatia Kifungo. Alikuwa mtu wa kazi, na kwa kuwa hakujua aseme nini juu ya hayo mengine, alisema alichokijua. Jike waendelee kumfungia mpaka atulie, kisha wamlete afungwe kizazi, na wasikawie, kwa kuwa joto la paka likiondoka halikai mbali. Madume nao waletwe wahasiwe. Na hata wakishahasiwa wasiwaamini karibu na dada yao kwa wiki kadhaa, kwa sababu mbegu haziishi siku hiyo hiyo. Akapaka dawa mkononi mwake mwenyewe na kuondoka.

* * *

Kinyozi alitaka waende wakapige magoti. Mama yake alitaka waende na kitu mkononi. Fundi alikataa yote mawili.

"Mke wangu, tutarudi chini ya ngazi," kinyozi alisema. "Unaikumbuka ile ngazi? Mvua ikinyesha?"

"Naikumbuka."

"Basi kamwombe!"

"Nikamwombe nini? Paka hawajamuudhi. Ukienda kuomba chumba atajua umefuata chumba."

Alianza kufunga vitu, kweli. Alitia maboksi yale asiyoyahitaji, akaacha cherehani na mkasi. Huku akifunga, aliwashughulikia paka kama daktari alivyosema, mmoja mmoja. Madume yalikwenda kwanza, yakarudi yamelewa dawa, yanatembea kama watu wanaotoka harusini. Dume la njano lilikaa ukutani hadi mlio ulipofifia, likashuka, likaenda zake. Nyumba ikawa kimya. Fundi aliketi kwenye cherehani akatia uzi na kitambaa, akamaliza gauni la mwalimu kwa vipimo alivyokisia, akampelekea shuleni. Lilimkaa. Mwalimu aliuliza yule mwanamke wa redio alirudiana na mumewe au vipi. Fundi alimwambia hapana, na ni afadhali.

Jambo moja lilimsumbua, naye hakulificha. Kila asubuhi alipofungua dirisha la uani alimwona Bi Mkubwa kwenye kibaraza chake, chai mkononi, magoti yamefungwa, kisahani hakipo. Alikuwa akinywa chai haraka na kuingia ndani. Mtu anayekunywa chai peke yake hana sababu ya kukaa. Fundi alimtazama hivyo mara kadhaa, na kila mara moyo ulimuuma, mpaka akachoka kuumwa.

Pindo aliporudi kutoka kwa daktari, amenyolewa manyoya ubavuni na ana mshono mdogo ambao fundi aliukagua na kuukubali, fundi alisubiri mshono ukauke. Kisha asubuhi moja alimbeba mikononi, bila mkanda, bila kapu, wazi kabisa, akavuka naye ua.

Bi Mkubwa alimwona anakuja. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni habari ya chumba, nimeshasema."

"Si habari ya chumba. Vitu nimeshaanza kufunga." Fundi alibaki amesimama chini ya kibaraza. "Nimekuja kuomba radhi. Si kwa paka. Paka nilikuficha kwa sababu ya panya na kwa sababu niliwapenda, na ningefanya tena. Naomba radhi kwa kucheka. Ulikuwa unazungumza na mtu, sisi tukakugeuza mchezo."

Bi Mkubwa alizungusha kikombe mikononi. "Mlisikia nilichokuwa nasema?"

"Neno moja siku moja. Yaliyobaki hatukusikia, dirisha liko mbali."

"Neno gani?"

"Kwamba yeye peke yake anakuelewa."

Mjane alitazama pembeni.

"Yule anayekataa maziwa ni nani?" aliuliza ghafla.

"Zipu. Wa mchana. Maziwa yanamkera."

"Na anayelala juu ya kandambili za marehemu?"

"Kifungo, wa jioni. Anapenda viatu vya wanaume. Vya mume wangu amevimaliza."

"Mimi nikadhani ni mmoja, ana mambo mengi." Midomo yake ilitaka kukaa sawa ikashindwa. "Asubuhi mpole, mchana ananuna, jioni anataka kubembelezwa. Nikajisemea, huyu ni marehemu mtupu. Ndiyo maana nikamwita Mzee. Marehemu alikuwa hivyo hivyo. Miaka yote ile, fundi, hukujua kutwa utaishi na mume yupi."

Alicheka, na akiwa katikati ya kucheka machozi yakamtoka, akayaacha. Fundi alipanda kibaraza, akamweka Pindo sakafuni. Pindo alinusa mguu wa kiti, akanusa ukingo wa gauni, akaruka magotini na kujizungusha mpaka akapata mahali pake, ubavu wenye mshono juu.

"Kimemkuta nini hapa?"

"Amefungwa kizazi. Hatalia tena."

"Maskini." Bi Mkubwa aliugusa ule mshono kwa ncha ya kidole. "Hao wawili wabaki huko kwenu, waje wakitaka, nitawajua sasa. Lakini asubuhi mniletee huyu. Kila siku huyu huyu. Nimeshamsimulia mpaka pale marehemu alipoanza kuugua. Siwezi kuanza upya na mgeni."

"Na tukishahama, mama?"

"Mkihama nani atamleta? Kafungue hayo maboksi, usinichoshe. Na ule mkanda mtupe, si wezi hawa."

Fundi alishuka kibaraza. Alikuwa amefika katikati ya ua, anamwona mumewe na mama mkwe wamebanana dirishani, nyuma ya pazia lile lile, akawaonyesha kwa mkono wafunge dirisha. Wakalifunga. Nyuma yake alisikia kikombe kinawekwa chini na kiti kinasogezwa na mtu anayejiandaa kukaa sana.

"Haya, Mzee," Bi Mkubwa alisema. "Tulifika wapi?"